Tanki la Mangi

Safari nzima iko ndani ya kaunta buku la kwaya mbili. Lilianza maisha kama daftari la maandalio ya somo la Historia, kidato cha tatu, kabla sijaligeuza nyuma mbele. Ukilifungua kawaida unakutana na Mkutano wa Berlin. Ukilifungua kinyume unakutana na majina tisa, mawili yamekatwa, na safu ya michango iliyofutwa na kuandikwa upya mpaka karatasi ikatoboka.

Tangu turudi, watu wananisimamisha pale Rangi Tatu, Mbagala: "Madam, na sisi tunataka kwenda na pikipiki, mlifanyaje?" Wanategemea niwaambie habari za tairi na oili. Nawaonyesha ule ukurasa uliotoboka.

Tulikuwa watu saba, pikipiki saba, siku kumi na moja za likizo ya Juni. Nilichagua Juni kwa sababu mimi ni mwalimu na sina ujanja mwingine, lakini hata ningekuwa na hiari ningechagua hiyo hiyo: masika yamekwisha, barabara kavu. Tulikwenda duara la kusini, yaani Dar, Mikumi, Iringa, Njombe, Songea, Mbamba Bay, kisha tukarudi kwa Tunduru, Masasi, Lindi na Kilwa. Daftari linasema kama kilomita 2,400, na sasa ni lami mwanzo hadi mwisho. Mzee wetu, ambaye ameendesha malori maisha yake yote kabla ya kustaafu, alikuwa akitikisa kichwa kila tukipita pahala alipowahi kulala siku tatu kwenye tope. "Hapa," anasema, "hapa tulikula mzigo wa watu."

Niwataje kwa majina ya kijiweni, inatosha. Mzee, miaka 61, kwao Mbinga, Boxer. Chidi na binamu yake, bodaboda wa Mbagala, Boxer mbili. Mimi, Boxer. Fundi, ana gereji ndogo, TVS. Dokta, ambaye si daktari bali ana duka la dawa, Honda ya 125. Na Mangi, mwenye duka la vipuri vya magari, Honda CRF250L nyekundu aliyoinunua kwa mtu aliyekuwa anahama nchi. Mangi ndiye aliyesema, siku ya kikao cha kwanza, kwamba ataona aibu kuingia Songea na pikipiki za kubebea mkaa. Kumbukeni hilo.

Nianze na pesa, maana pesa ndiyo iliyotuchuja.

Petroli kila mtu alijitegemea. Mfuko wa pamoja ulikuwa wa mambo matatu: gesti usiku kumi kwa 20,000, chakula siku kumi na moja kwa 15,000, na 60,000 ya akiba kwa ajili ya matairi, fundi, hospitali na lolote litakalotokea. Jumla 425,000 kwa kichwa. Ukimwambia mtu atoe laki nne na ishirini na tano kwa mkupuo, hata mwenye nazo atakumbuka ana mgonjwa. Nikaigawa kwa miezi mitano, 85,000 kila mwezi kuanzia Januari, mwisho tarehe 5, kwenye laini ya simu ambayo siitumii kwa kitu kingine chochote. Kila mchango ukiingia, napiga picha ya ukurasa wa daftari na kuituma kwenye kundi. Siongezi neno. Asiyelipa anajiona mwenyewe kwenye picha, kisanduku chake cheupe katikati ya vya wenzake.

Mtu wa tisa, ambaye ndiye alikuwa msemaji mkuu wa vikao vyote na mchoraji wa ramani, hakuwahi kutuma hata mia. Machi nikamkata kwa rula.

Wa nane alilipa vizuri mpaka Aprili, halafu akateuliwa mwenyekiti wa kamati ya harusi ya dada yake. Sote tunajua maana yake. Sharti tulilokubaliana Januari lilikuwa kwamba ukijitoa kabla ya mwisho wa Machi unarudishiwa zote, na ukijitoa baada ya hapo, 60,000 ya akiba inabaki. Nilimrudishia 280,000. Mpaka leo tukikutana kwenye daladala ananiita "madam wa sitini elfu," na mimi naitika. Kama sharti lingekuwa halijaandikwa siku tukiwa bado tunacheka, lingeandikwa siku tumeshagombana.

Kwa hiyo mfuko ulikuwa 3,035,000. Nitaurudia mwishoni.

Mei tulifanya zoezi. Naona ndiyo siku muhimu kuliko zote kumi na moja za safari. Tulizunguka Dar, Bagamoyo, Msata, Chalinze, kisha Dar, kama kilomita 280, Jumapili moja, na mizigo yote imefungwa kama siku yenyewe. Nilidhani tunapima pikipiki. Kumbe pikipiki hazikuwa na neno, ila watu!

Chidi na binamu yake wanaendesha saa kumi na mbili kwa siku, hakuna wa kuwafundisha balansi. Lakini wamezoea safari za dakika kumi, na wamezoea kuongea. Kati ya Bagamoyo na Msata wakawa wanakwenda sambamba, helmeti kwa helmeti, wanasimuliana mechi, semi limewafikia mgongoni linapiga honi. Dokta ni mwoga wa kona. Kila kona anapunguza, halafu anakimbiza kuwafikia wenzake kwenye nyoofu. Na nikaona jambo ambalo sikulijua: Mzee alikuwa mbele akienda 65, mimi niko wa mwisho, na nilijikuta nakwenda 95 ili nisiachwe. Kila mmoja akipunguza kidogo, aliye nyuma yake anapunguza zaidi, na kuja kumfikia anakimbiza zaidi. Msururu unavutika na kurudi kama mpira wa manati, na anayeumia ni wa mwisho.

Tulipokaa Chalinze kula mishikaki tukabadilisha mpangilio wote. Dokta, mwenye kasi ndogo, akawekwa wa pili, mgongoni kwa Mzee. Mzee akawa kichwa, na akaambiwa aangalie kioo chake: asipoiona taa ya Dokta, anapunguza. Mwenye pikipiki kubwa, Mangi, akawekwa katikati ambako hawezi kuwasumbua watu. Alinuna. Fundi akawa mkia, na mkia ndiye anayebeba spana, pampu, na viraka vya tyubu, kwa sababu aliyeharibikiwa ataachwa nyuma tu, hataachwa mbele. Ukimpa kichwa spana, utamfukuza kilomita ishirini kuzifuata.

Na njia panda. Ilikuwa kila njia panda mtu mmoja anapotea. Tukafanya hivi: msafara ukikata kona, aliye wa pili anasimama pale pale, anaelekeza kwa mkono kila anayefika, na haondoki mpaka amemwona Fundi. Fundi akifika, yule anaunga mbele yake. Huna haja ya kumwona aliye mbele yako wala kumkimbiza, maana unajua kabisa kwamba pale pa kukata atakuwepo mwenzako amesimama na kizibao chake cha rangi ya limau. Siku kumi na moja, hakupotea mtu. Ila Makambako, mahali pa kukata kushoto kwenda Njombe, binamu yake Chidi alisimama kwenye upepo kwa dakika arobaini kwa sababu sisi wengine huku nyuma tuliona mitumba ya makoti tukashuka kununua. Alipokuja kunikuta midomo imekuwa ya kijivu. Sikuwa na la kumwambia, nikampa glavu.

Siku ya safari tulikutana Kibaha Maili Moja saa kumi na moja alfajiri, na nikaita majina kama darasani. Niliitikiwa "Nipo, Madam" sita. Kila mtu alikuwa na leseni daraja A, kadi ya pikipiki na bima, na mimi nilikuwa na nakala za vyote kwenye faili moja la plastiki. Lile faili lilifanya kazi mara moja tu lakini kwa heshima kubwa. Askari mmoja alisimamisha saba zote kwa mkupuo akauliza tuna kibali cha msafara wa chama gani. Nikampa faili. Akapekua, akapekua, akauliza, "Wewe ni mwalimu?" Nikamwambia ndiyo. "Inaonekana. Endeni, lakini vijijini hamsini."

Hiyo hamsini naomba muiheshimu. Kila kijiji kina kibao chake, na nyuma ya mwembe wa mwisho wa kijiji yupo askari mwenye tochi ya kupima mwendo. Mwendo wetu wa juu kabisa ulikuwa 70, wa vijijini 50, tukisimama kila saa moja na nusu hata kama hakuna aliyechoka. Unaposikia umechoka, umechelewa. Ratiba ilitaka tuwe tumefika gesti saa kumi jioni, kabla jua halijawa usoni na kabla ng'ombe hawajaanza kurudi.

Siku ya kwanza ilipangwa kwa ajili ya hifadhi ya Mikumi. Barabara kuu inapita katikati yake kama kilomita hamsini, na kwa pikipiki nilitaka tupite mchana, si alfajiri wala jioni. Tulipita saa nane, wawili wawili, hakuna kusimama kupiga picha. Swala na pundamilia walikuwepo karibu na lami kama mbuzi wa jirani. Kuna kibao kinachotaja faini ya kumgonga kila mnyama, na Chidi alikisoma kwa sauti pale gesti jioni, kutoka kichwani, akihesabu ni safari ngapi za Mbagala hadi Kariakoo zingelipa twiga mmoja. Tulilala Mikumi mjini.

Kesho yake Ruaha Mbuyuni, mibuyu na vitunguu kila upande, na baada yake Kitonga. Jioni ya kuamkia, Mzee alituchorea mlima kwenye vumbi kwa kijiti. Alisema malori yanayopanda yako gia ya kwanza na hayawezi kukupisha, na yanayoshuka hayawezi kukuhurumia. Kwa hiyo hakuna kupita kwa mnyororo, kwamba mwenzangu amepita na mimi nimfuate. Kila mtu anapita lori kwa macho yake mwenyewe. Msururu ukavunjwa, tukapanda wawili, watatu, wawili, tukaahidiana kukutana juu. Mimi nilikaa nyuma ya lori la saruji mlima karibu wote, nikivuta moshi na kuangaliwa na nyani, nikijiuliza nani alinituma. Kule juu Mangi alikuwa ameshafika zamani, amekaa kwenye jiwe anakula muhindi. Siku hiyo pikipiki yake ilistahili majivuno yake, nakubali.

Njombe nitaiharakisha, maana ukiikumbuka sana unapata mafua. Juni, asubuhi, ukungu, vidole havisikii klachi. Mama mmoja wa chai alitufundisha kuweka magazeti kifuani ndani ya koti, na ni kweli yanafanya kazi kuliko sweta.

Songea mpaka Mbamba Bay ndiyo siku niliyoifurahia kuliko zote. Unapita Peramiho, unaingia Mbinga kwenye kahawa na yale mashimo ya ngoro ya Wamatengo yanayopangana mlimani kama sega la nyuki, halafu barabara inaanza kuporomoka kona kwa kona mpaka ghafla Ziwa Nyasa lote liko chini yako. Mzee alisimama bila kutoa ishara. Sikumkaripia. Mbamba Bay tulipumzika siku nzima. Tulikula mbasa wa kuchoma, tukafua, Fundi akakaza cheni zote saba. Nilitaka kwenda Liuli, ambako Agosti 1914 Waingereza waliishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, mapema kabisa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na nahodha wake Mjerumani alikuwa hata hajapata habari kwamba kuna vita. Nimelifundisha hilo miaka tisa bila kupaona. Kura ilipigwa, nikashindwa sita kwa moja. Wakalala.

Sasa Mangi.

Kila kituo cha petroli kwenye safari hii nilikipanga mimi, na nilikipanga kwa pikipiki yangu. Boxer ina tanki la lita 11. Na mzigo wangu inanipa kilomita 40 kwa lita, na mara nyingine zaidi. Songea hadi Tunduru ni kama 270. Kwa hiyo kwenye daftari niliandika: "Petroli: Songea, Tunduru." Nikapiga mstari. Nikaona nimemaliza.

Tanki la CRF halifiki hata lita nane. Injini yake kubwa na mkono wa mwenyewe mzito, inakwenda 28 kwa lita. Zidisheni wenyewe, mimi sikuzidisha. Mwalimu mzima.

Asubuhi ya kuondoka Songea kwenda Tunduru tulikwenda kwanza Makumbusho ya Majimaji pale mjini, na tulikaa sana kwenye kaburi la mashujaa walionyongwa Februari 1906. Tukaondoka saa tano badala ya saa mbili. Kwa kuwa tumechelewa, tulipofika Namtumbo nikapunga mkono tupite bila kusimama. Mangi aliniambia baadaye kwamba pale Namtumbo alitazama mita, akaona bado ina vipande, akasema Madam ameandika Tunduru, basi ni Tunduru.

Mita ilipoanza kupepesa, alinyamaza. Hapo ndipo kosa linapoacha kuwa langu peke yangu. Alikuwa katikati ya msafara, ana taa ya kuwashia, ana honi, ana mkono. Lakini amewacheka watu wa Boxer tangu Januari. Akaendelea kimya, akipunguza gesi kidogo kidogo, mpaka pikipiki ikakohoa mara mbili na kuzima, kama kilomita 55 kabla ya Tunduru, saa kumi na moja na nusu jioni.

Eneo lile ni ushoroba wa wanyama kati ya Selous na Niassa ya Msumbiji. Tembo wanavuka. Kinyesi tulichokiona pembeni ya lami hakikuwa cha jana. Kimya chake kilikuwa cha ajabu: injini saba zimezimwa, hakuna gari, miombo tu pande zote mbili. Dokta akauliza kama tunaweza kwenda, tumwache Mangi na pikipiki, tumrudie na petroli. Hakuna aliyemjibu.

Mzee alishuka, akachomoa bomba la petroli kwenye kabureta ya Boxer yake, akaliingiza kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu, akafungua koki. Petroli ikaanza kushuka kwa nguvu ya mteremko wake tu. Pikipiki ya mkaa haina pampu wala kompyuta ya kuuliza ruhusa. Chupa ya kwanza ilijaa polepole kiasi kwamba niliweza kuhesabu kila mti uliokuwa unageuka mweusi. Chupa ya pili ilitoka kwenye yangu. Lita tatu. Mangi alizimimina mwenyewe, hakuna aliyemsaidia na hakuna aliyesema kitu. Chidi tu, wakati anavaa helmeti, alinong'ona, "Mkaa umefika."

Tuliingia Tunduru usiku, taa zote zimewashwa, mwendo wa 50. Ndiyo usiku pekee tulioendesha. Gesti niliyokuwa nimeipigia simu tangu wiki mbili ilikuwa imeshagawa vyumba vyetu vitatu, kwa kuwa sikutuma hata shilingi ya kushikia. Tulilala wawili wawili, na Fundi alikoroma.

Kabla ya kulala nilichukua kalamu nyekundu, ya kusahihishia, nikaandika chini ya ule mstari: kila kilomita 150 wote wanaingia sheli, hata mwenye tanki robo tatu. Nikamwonyesha Mangi. Akasoma, akachukua kalamu, akaongeza: "na mwenye mita inayopepesa apige honi."

Nyumbani tulirudi bila habari kubwa. Milima ya mawe ya Masasi, korosho, pweza Kilwa Masoko, michepuko ya Somanga pale mvua za 2024 zilipokata barabara, Daraja la Mkapa na Rufiji imejaa. Tulikwenda sheli mara nyingi mno, mpaka wahudumu walicheka tukiomba petroli ya elfu mbili. Pancha zilikuwa mbili tu, zote za Boxer, na tyubu ya akiba ilikuwepo. Tyubu mbili za CRF nilizozibeba kwa sababu magurudumu yake, 21 mbele na 18 nyuma, hayaingiliani na ya kwetu, zilizunguka kusini yote zikarudi na karatasi zake.

Barabara ya Kilwa inakuingiza Dar kwa Mbagala, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kufika kwangu. Nilisimama Rangi Tatu, nikaita majina, wakaitika sita, nikawaacha waende.

Kesho yake nilifunga hesabu. Baada ya gesti, chakula, tyubu, dawa za mafua za Dokta alizotuuzia kwa bei ya duka, na 20,000 ya watu wa makumbusho na maegesho, zilibaki 38,500. Wengine walitaka tununue soda. Nilizigawa kwa saba, 5,500 kila mmoja, nikazituma na picha ya ukurasa wa mwisho.

Baada ya dakika tano 5,500 moja ikarudi kwenye simu yangu, na chini yake ujumbe wa Mangi: "Madam, ninunulie kidumu cha lita tano. Kiwe chekundu."